Mama wa Kunakili

Siku hizi faili la marehemu haliruhusiwi kunakiliwa. Linahamishwa tu, nyumba hadi nyumba, na marehemu anaongea huko lilipo. Zamu ya Zamda ilikwisha Ijumaa. Dada yake Rukia akaja kumchukua marehemu mama yao, na wajukuu nyuma, sebule ikajaa.

“Mwachie na mwenzio mama, mdogo wangu,” Rukia akamtania.

Zamda akajifungia chumbani na kompyuta kuukuu ya baba, ambayo bado ina neno “Nakili”. Akabofya upesi, majirani wasije wakachungulia, kisha akampa Rukia faili la mama, nakala akabaki nayo.

Jioni Rukia akapiga simu. Hakutania.

“Zamda, Mama hatulii. Anauliza, huyo mwanamke anayeongea kwako kwa sauti yake ni nani?”