Mtu wa Saba wa Rossbrack Rovers

"Sitoki," alisema Fintan Duggan. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa ndani ya banda la ng'ombe, kavaa kiatu kimoja tu cha kuchezea mpira. "Yupo. Nimemwona kwa macho yangu haya."

Mossie Tarpey, nahodha, alichungulia kwenye ufa wa mlango. Kweli alikuwepo Mwalimu Hanratty, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi, kola ya koti kaipandisha, kasimama nyuma ya ua wa miiba ng'ambo ya uwanja huku mvua ikimnyea.

Rossbrack nzima ilijua maana yake. Chama cha Michezo ya Asili kilikuwa na marufuku yake: mchezaji wa magongo akicheza soka, mchezo wa Waingereza, anafungiwa. Akienda kutazama tu, anafungiwa vilevile. Wapelelezi wa Chama peke yao ndio walioruhusiwa kusogelea uwanja wa soka, wapate kunasa majina, na Mwalimu alikuwa mmoja wao. Fintan naye, aliyeidakia timu ya soka ya Rovers kwa jina la bandia, ndiye ambaye kaunti ilimtegemea katika fainali ya magongo Jumapili iliyofuata.

"Jipake matope usoni," Mossie alisema.

"Hata nikijipaka samadi! Yule kanifundisha hesabu tangu sijaota meno ya mbele, atashindwa kunijua? Nikifungiwa sasa, fainali ikiwa wiki ijayo, parokia nzima itanichinja, na wa kwanza kushika kisu ni mama."

Wachezaji wengine watano walikuwa wamejibanza ukutani. Hao ndio waliobaki. Baadhi ya wenzao walishapanda meli kwenda Uingereza kuchimba barabara za watu. Sheria ya ligi ilitaka timu isipungue watu saba, na Rovers walikuwa wameshashindwa kutimia mara mbili msimu ule. Wakishindwa tena, wanafutwa. Fintan ndiye aliyekuwa wa saba.

Timu hiyo iliundwa na baba yake Mossie pamoja na wenzake waliorudi kutoka vita vya mfalme wa Uingereza, watu ambao hakuna aliyetaka kukaa nao baa. Jezi za kwanza walizishona kwa magunia ya unga, wakazichemsha na rangi ya kijani kwenye sufuria ya kufulia. Padre aliwasema kanisani mbele ya wake zao, wakacheza. Mto ukafurika ukabeba magoli, wakachonga mengine. Mzee Tarpey alipokuwa akifa kwa kifua kikuu alimwambia mwanawe neno moja tu kuhusu timu: asiiache.

"Tangu huyu mtu aanze kuja tumepoteza nusu ya wachezaji," alinung'unika Gussie, beki mzee. "Kila Jumapili, mvua, jua. Hata ile siku ya theluji alikuja, mkewe akiwa mgonjwa kitandani. Roho gani hiyo?"

"Kwani kashamfungia nani?" mmoja aliuliza.

"Nani angoje afungiwe? Wakiiona ile kofia tu, wanatimua mbio."

Filimbi ililia nje. Mossie alitoka mbio mpaka kwa refa. "Dakika tano tu, bwana refa."

"Nimeshakupa za kutosha, Mossie. Nina ng'ombe wa kukamua."

Mossie akamgeukia nahodha wa wageni, aliyekuwa akirukaruka kwa baridi. "Niazime mtu mmoja, ndugu yangu. Yeyote."

"Nikuazime na mke?" Wenzake wakaangua kicheko.

Mfa maji haachi kutapatapa. Mossie alirudi bandani, akapiga magoti kwenye kinyesi cha ng'ombe mbele ya Fintan, mbele ya wote, bila kujali. "Nakuomba. Simama golini tu. Mpira ukija uache upite, tufungwe ishirini, sijali. Simama tu tuhesabike."

Fintan alikuwa analia. Akavua kile kiatu, akakiweka chini taratibu. "Nisamehe, Mossie," alisema, akapenya kwenye tundu la ukuta wa nyuma.

Refa alipiga filimbi ya mwisho kabla mpira haujaguswa. Alimpa Mossie mkono, akamwambia pole kama watu wanavyoambiana msibani. Wageni wakapanda lori lao, na uwanja ukabaki mtupu.

Mossie aliukata uwanja moja kwa moja mpaka kwenye ua wa miiba.

"Furahi sasa, Mwalimu! Umeshinda. Kawaambie wenzako Rovers imekufa."

"Imekufa?" Mwalimu alikodoa macho. "Imekufaje? Mbona lori limeondoka? Si mlikuwa mnaanza saa nane?"

"Tumekosa mtu. Kipa wetu kakuona, kakimbia."

"Fintan?"

Mossie alirudi nyuma hatua moja. Jina lile hakulitaja yeye.

"Fintan kanikimbia mimi?" Mwalimu aliushika ua kwa mikono yake mitupu, wala hakuonekana kuhisi miiba. "Mwite arudi. Mkimbilie refa, Mossie, mwambie yupo! Mwambie wote wapo!"

Lori lilikuwa limeshavuka daraja, na baiskeli ya refa haikuonekana tena.

"Refa keshaondoka, Mwalimu. Hamna timu tena. Wewe si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

Mwalimu alivua kofia, mvua ikampiga kichwani.

"Mossie, mwanangu," alisema, "mtu wa Chama angewatazama vipi mkicheza, kama si kwa kuomba kazi hii ya upelelezi?"