Kisahani cha Bi Mwanakheri

Kwa miaka thelathini Bi Mwanakheri aliosha maiti za wanawake wa mji ule, na mikono yake ilivijua vifua vilivyonyamaza. Sasa moyo wake mwenyewe ulikuwa umechoka. Daktari Tungaraza, aliyekuwa akimtibu, akamwita maabara ainame kwenye hadubini.

"Tazama, mama. Ni ile ngozi tuliyokutoa mkononi. Tumeilea mpaka imekuwa nyama ya moyo."

Ndani ya kisahani cha kioo, kitu kidogo kuliko punje ya mtama kilikuwa kikidunda.

"Nani amekiambia kipige?"

"Hakuna, mama. Siku ya tisa kilianza chenyewe. Utafiti ukifaulu, tutakuwekea vya namna hii penye kovu la moyo wako."

"Subhanallah!" Akaupapasa mshipa wa mkono wake, akasikia mapigo yakichechemea, kisha akakitazama tena kile kipande chake kinachokwenda mbio bila yeye.

Feni ilikuwa ikipuliza. Bi Mwanakheri akashusha kanga ya begani, akaanza kukifunika kisahani taratibu, kwa mikono ile ile iliyozoea kufunika watu hadi usoni. Alipokaribia ukingo, akasita. Akaacha upenyo wa kupumulia.