Fukusi Mwenye Adabu

Waliomjua Fukusi wa baharini, yule mtoboa mbao wa ukoo mmoja na kome na chaza, wote humsifu kwa adabu. Yeye na wenzake mia tatu waliishi ndani ya mbao za meli kuukuu, kila mmoja akitafuna njia yake. Akisikia jirani anatafuna karibu, Fukusi alikata kona upesi, asije akamtobolea ukuta.

Siku moja Bi Kome, aliyejibandika nje ya ubao wa Fukusi, aligonga.

"Binamu, mbona huku nje nasikia meli inalialia?"

"Labda imechoka na safari. Huku ndani hatuna ugomvi. Kuta zetu zimebaki nyembamba kama ganda la kitunguu, na hakuna aliyethubutu kumtobolea mwenzake."

"Na meli je?"

Fukusi alishangaa kweli. "Meli si jirani yangu."

Walipokaribia bandari ya ugenini, wimbi ambalo lisingepindua hata mtumbwi liliigusa meli, nayo ikamomonyoka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Mabaharia waliogelea hadi nchi kavu, wakilaani mwamba ambao haukuwapo. Ubao wa Fukusi ulipasuka; Bi Kome alizama na kipande chake, akitukana. Kipande cha Fukusi kilielea hadi gatini, kikanasa kwenye nguzo zake za mbao.

Hapo Fukusi akawatuma watoto wake wakatafute makazi, akawausia, "Msiingie mahali bila hodi."

Watoto wakaigonga nguzo ya kwanza. Hakuna aliyeitika. Wakaingia.