Nyayo Kwenye Robo ya Waridi

Kabla ya kupanda mmea wowote wa dawa, fundi Behruzi huinywesha ardhi jioni na kukataza mtu kuikanyaga mpaka asubuhi, apate kuona maji yametuama wapi. Ndivyo walivyofanya wazee wake huko Uajemi: bustani ya mgonjwa hugawanywa robo nne, na mfereji hupita katikati.

Asubuhi hiyo Bi Mahinuri alimkuta amechuchumaa, uso umemsawajika.

"Bibi, nani mwingine analala nyumba hii?"

"Hakuna. Ni mimi na mume wangu tu, naye mwaka wa sita huu hajakanyaga chini. Si ndiyo maana nikakuita?"

Fundi alinyoosha kidole. Nyayo za miguu mitupu zilianzia chini ya dirisha la mgonjwa, zikakatiza robo iliyotengwa kwa mnanaa, zikasimama kwenye ile ya waridi, kisha zikarudi zilikotoka. Mguu wa kulia haukuwa na kidole kidogo.

Mahinuri aliinamia alama ile. Mguu ule ameuosha kila asubuhi kwa miaka sita.

"Nipande, bibi?"

"Ngoja kwanza."

Aliingia ndani na beseni lake la maji ya vuguvugu, kama siku zote. Mumewe alilala chali, macho ameyafumba. Akafunua shuka, akauvuta mguu wa kulia mpaka kwenye beseni, akasugua baina ya vidole. Maji yakageuka rangi ya udongo. Akaendelea kuosha polepole, bila kumtazama usoni, mpaka mguu ulipoanza kutetemeka mikononi mwake.