Siku Pamba Alipooshwa

Pamba alikuwa kijibwa chenye manyoya marefu yaliyochanwa kila asubuhi. Kuku wote walimheshimu, maana ndiye aliyemfukuza fisi bandani. Chuma, jibwa la getini, akaona wivu.

"Huyo ni manyoya matupu," akawaambia. "Ngojeni Jumamosi aoshwe, mtacheka."

Jumamosi Pamba akatiwa kwenye beseni. Manyoya yakalowa, yakamganda mwilini. Kumbe mwili wenyewe haukuzidi wa panya buku, tena unatetemeka!

"Mmeona?" Chuma akanguruma.

Hakuna aliyecheka. Jogoo akainamisha kichwa mbele ya beseni.

"Tumeona, bwana Chuma," akasema taratibu. "Kumbe kijimwili hiki ndicho kilichosimama mbele ya fisi. Na huo wako siku ile ulikuwa wapi?"