Kiti cha Komba

Nungunungu alikuwa fundi. Aliunda roketi ya kuizunguka dunia, akamchagua Komba aipande. Kenge akashikwa na wivu.

"Mlevi kama wewe ndiye wa kupelekwa angani?"

"Nitakupungia mkono, kaka," Komba alimjibu.

Siku ya jaribio, gunia la mchanga lilifungwa kitini badala ya abiria. Kenge alinyemelea, akalitupa, akaketi yeye ili amtangulie Komba.

Roketi ilipaa, kisha ikakirusha nje chumba cha abiria, kikaangukia matopeni. Kenge akatoka mzima, akifoka.

"Roketi yako mbovu!"

"Nzima, bwana," alisema Nungunungu. "Leo tulikuwa tunapima kama abiria ataanguka salama. Umeanguka salama, ahsante. Kesho anaruka Komba."