Hina na Mwiko

Mkaguzi wa serikali alipapasa ukuta wa nyumba ya Mwanaheri, akaguna kwa kuridhika. "Lipu safi hii. Nani kaipiga?"

Mwanaheri akaficha mikono ndani ya kanga. Serikali ilikuwa imewapa saruji na mabati kwa sharti moja: wenye nyumba wajenge wenyewe kwa kusaidiana, wala mtu asiweke kibarua. Atakayeweka, nyumba anaikosa. Na yeye, wenzake walipokuwa wakihangaika na karai vichwani, alikuwa harusini anachorwa hina, kibarua akimpigia lipu ukutani.

"Kapiga mwenyewe," akadakia Bi Kidawa, jirani yake, mama wa makamo ambaye viganja vilishampasuka kwa saruji. Ndiye huyo ambaye Mwanaheri alikuwa akimcheka, "Bi Kidawa, umekuwa fundi ukubwani!"

"Basi nione," mkaguzi akasema, akatwaa mwiko kwenye karai la lipu, akamnyooshea.

Mwanaheri akaupokea, maua ya hina yakawa wazi mbele ya majirani wote waliokusanyika. Akachota lipu kwenye karai, akairusha. Ikateleza yote, ikamwangukia miguuni. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.

Bi Kidawa akaja nyuma yake, akamshika mkono. "Woga tu huo, bwana mkubwa. Haya mwanangu, tena."

Mwanaheri akachota tena, uso umemwiva kwa aibu. Mkaguzi akawa akiitazama ile mikono miwili juu ya mwiko mmoja, mkono mmoja umepasuka, mwingine una maua.